Mpaka Unapofungwa: Mwongozo wa Kutafuta Masoko Mengine ya Nafaka za Uganda

Kila msimu wa mavuno unapokaribia, maswali ni yale yale. Je, Kenya wamekataa tena mahindi yetu? Nikipeleka Kongo ninahitaji karatasi gani? Juba wanalipa kwa fedha gani? Wanaouliza ni wafanyabiashara wachanga wa Masindi, Iganga na Kasese, pamoja na viongozi wa vyama vya ushirika ambao wamezoea kumwona mnunuzi mmoja akija na lori lake, akipima, akilipa na kuondoka. Nimechoka kulijibu swali moja mara ishirini kwa simu, kwa hiyo nimeyaandika majibu yote mahali pamoja. Nitazungumzia zaidi mahindi, na kwa sehemu maharagwe na ufuta, ambao kwetu wengi huuita simsim.

Huhitaji kuambiwa kwamba milango hufungwa. Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga mpaka wa Gatuna, na ukaja kufunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka (aflatoxin), na ingawa katazo hilo liliondolewa baada ya siku chache, liliacha masharti mapya nyuma yake. Juni 2022 mji wa Bunagana, ulio mpakani upande wa Kongo, ulitekwa na waasi wa M23. Aprili 2023 vita vilizuka Sudan, nchi iliyokuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu. Katika kila tukio, waliobaki wakihangaika na mzigo mkononi ni wale waliokuwa na njia moja tu.

Jambo moja ulishike tangu sasa: kuongeza masoko si kuongeza majina kwenye daftari. Ukiwa na mnunuzi Eldoret, mwingine Nakuru na wa tatu Nairobi, una soko moja, kwa kuwa wote watatu wako nyuma ya lango moja, chini ya kanuni moja na sarafu moja.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi kwanza. Usimpigie mnunuzi wa nchi nyingine simu kabla ya kuwa navyo.

- Biashara au chama kilichosajiliwa, chenye namba ya mlipakodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na akaunti ya benki kwa jina lile lile. Jina kwenye ankara likitofautiana na jina kwenye akaunti hata kwa herufi moja, utajieleza mpaka jua lizame.
- Akaunti ya dola, hata kama leo haina kitu.
- Kipima unyevu cha nafaka kilicholinganishwa na kile cha ghala kubwa lililo karibu nawe.
- Maturubai ya kutosha, mizani, bambo la kuchukulia sampuli, na sakafu safi iliyoinuliwa au paleti za mbao za kuwekea magunia.
- Daftari la asili ya mzigo: mkulima, kijiji, wilaya, tarehe ya kununua, kilo na unyevu.
- Wakala wa forodha mwenye leseni, ambaye umemtafuta mwenyewe. Usiokote wa kando ya barabara Malaba, kwenye mpaka wa Kenya.

Hatua ya 1. Andika pale unapoweza kuumia

Chukua karatasi na uorodheshe wanunuzi wako wote wa misimu miwili iliyopita. Mbele ya kila mmoja andika mambo matano: mpaka anaoutumia, barabara, sarafu anayolipa, kipimo cha ubora anachodai, na mwezi anaonunua. Kisha soma karatasi hiyo kutoka juu kwenda chini, safu kwa safu. Ukikuta safu nzima imeandikwa Busia, Busia, Busia, yaani mpaka mmoja tu wa Kenya, hapo ndipo penye udhaifu wako. Mfanyabiashara mmoja wa Iganga alijivunia kwangu kwamba ana wateja sita. Tulipoiandika karatasi hii pamoja, wote sita walikuwa wanaletewa mzigo na dalali mmoja.

Hatua ya 2. Kausha mahindi mpaka yakubalike kila mahali

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka ili wakimbilie kutafuta wanunuzi, na ndiyo inayoamua mengine yote. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Mahindi yanayotimiza masharti hayo yana milango mingi. Yasiyotimiza yana mlango mmoja, ule wa mnunuzi asiyepima, na bei yake unaijua.

Ugumu wetu unatokana na msimu wa kwanza, ambao katika wilaya nyingi huvunwa kati ya Juni na Agosti, wakati mvua haijakatika vizuri. Mahindi hutoka shambani yakiwa mabichi, hupukuchuliwa, hutandazwa kwenye udongo kando ya barabara, na mvua ya saa nane huyakuta pale pale. Kuvu huanza hapo, na sumu ikishaingia kwenye punje, jua la wiki nzima haliitoi, wala kupika hakuiondoi. Kwa hiyo kausha mapema, juu ya turubai, kwa tabaka jembamba, ukiligeuza kila baada ya muda mfupi. Kabla ya kupukuchua, tenga magunzi yenye ukungu. Baada ya kupukuchua, ondoa punje zilizovunjika, zilizoliwa na wadudu na zilizobadilika rangi, kwa sababu sumu nyingi hukaa humo.

Wazee wa biashara hii hutia punje mdomoni na kusikiliza inavyokatika. Mimi pia hufanya hivyo, lakini sitii saini kwa meno. Kama hujapata kipima unyevu, tumia chupa: chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, weka mahindi mpaka theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Kuta zikibaki safi, unyevu umeshuka chini ya hapo, lakini usishangilie bado, maana kati ya 15 na 13.5 pana safari ambayo chupa haiwezi kukuonyesha.

Onyo: usichanganye mahindi makavu na mabichi ukitumaini kwamba wastani utakubalika. Mnunuzi hapimi wastani. Bambo lake huingia gunia moja moja.

Hatua ya 3. Chukua sampuli kama mtu anayetaka kujua ukweli

Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo. Gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani yake likawa limeoza. Ukichota kikombe kimoja juu ya gunia la mlangoni na kukipeleka maabara, utapata cheti kizuri kisichohusiana na mzigo wako. Ingiza bambo juu, katikati na chini ya magunia mengi yaliyotawanyika katika rundo zima, changanya vyote kwenye turubai safi, gawa robo nne, ondoa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, na urudie mpaka ubaki na kilo chache. Zigawe mara mbili: sehemu moja iende maabara ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, au maabara nyingine inayotambuliwa, na nyingine uifunge, uiandike tarehe na namba ya mzigo, kisha uitunze. Sehemu hiyo ya pili ndiyo shahidi wako siku matokeo ya mpakani yatakapotofautiana na yako.

Hatua ya 4. Chagua masoko mawili mapya, yasizidi hapo

Mengine yatakuja msimu ujao. Nitayataja ninayoyafahamu, bila kuyapamba.

Kenya iache kwenye orodha. Ni mnunuzi mkubwa, iko karibu, na baada ya Machi 2021 masharti yake yanajulikana: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uambatane na cheti cha kukidhi kiwango cha sumukuvu, na cheti cha uasili kionyeshe mahindi yamelimwa wilaya gani. Walioandika daftari la asili tangu mwanzo hawakuhangaika sana.

Sudan Kusini hupokea mzigo wetu kupitia Elegu na Nimule, na kutoka Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami. Imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016. Mahitaji ni makubwa na wanunuzi huamua haraka, lakini vituo vya ukaguzi barabarani ni vingi, paundi yao huyumba sana, na usidhani kwamba hawapimi: mwaka 2023 malori ya mahindi kutoka Uganda yalizuiwa huko kwa sababu ya sumukuvu. Yule aliyekimbilia Nimule akiwa na mzigo uliokataliwa Busia alikutana na swali lile lile.

Kongo ya mashariki, hasa kupitia Mpondwe kuelekea Kasindi, Beni na Butembo, hununua unga, maharagwe na mahindi. Nchi hiyo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Karatasi zao ni za Kifaransa, ila mazungumzo ni ya Kiswahili, na hapa sisi tunaokitumia tuna faida ambayo wenzetu wengi wa Kampala hawana: utasikia mwenyewe mnunuzi anamwambia nini kijana wake pembeni. Usalama wa barabara hubadilika kwa siku, kwa hiyo uza mzigo ukabidhiwe upande wa Uganda inapowezekana, na mnunuzi avushe mwenyewe.

Rwanda, kupitia Katuna (upande wao huitwa Gatuna) au Mirama Hills, ni soko la watu makini kuhusu ubora. Tanzania, kupitia Mutukula, hulima mahindi yake kwa wingi, kwa hiyo itazame zaidi kama njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Njia hiyo ijue hata kama huitumii leo. Walioishi ghasia za Kenya za mwanzoni mwa 2008 wanakumbuka ilivyokuwa kila kitu kilipokwama kwenye barabara ya Mombasa.

Ufuta una wanunuzi wa mbali, na China ndiyo mwagizaji mkubwa kuliko wote duniani. Hapo usianze peke yako. Uza kwa msafirishaji wa Kampala anayejaza kontena, na ujifunze kwake.

Tena usidharau soko la ndani. Shule za bweni, wasagaji wa Kisenyi jijini Kampala, viwanda vya chakula cha mifugo na kampuni za bia zinazonunua mtama hazina mpaka wa kufungwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, nalo limekuwa likinunua nafaka hapa, ila fedha zake hutegemea wahisani, kwa hiyo lihesabu kama nyongeza.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya kilo zitakazobaki

Tuseme umenunua tani 30 kwa shilingi 1,000 kwa kilo, zikiwa na unyevu wa asilimia 16. Umetoa shilingi milioni 30. Ukizikausha hadi asilimia 13.5, hazibaki tani 30. Zidisha 30,000 kwa 84 (mia toa unyevu wa 16), gawa kwa 86.5 (mia toa 13.5), utapata kilo 29,133. Kilo 867 zimepaa angani, karibu magunia tisa ya kilo mia, na bei yako halisi ya kununua imekuwa shilingi 1,030 kwa kilo kabla hujamlipa hata kijana wa kupakia. Juu yake weka upepetaji, magunia, maabara, usafiri, wakala, ushuru wa njiani, na siku mbili za lori kulala mpakani. Siku hizo ziweke hata kama wakala amekuapia kwamba mzigo utavuka jioni ile ile.

Hatua ya 6. Tengeneza karatasi kabla ya kupakia

Kwa mzigo wa nafaka unaovuka mpaka, kwa kawaida utahitaji ankara, orodha ya mzigo, cheti cha uasili, cheti cha afya ya mimea kutoka Wizara ya Kilimo, Ufugaji na Uvuvi, cheti cha ubora pamoja na matokeo ya maabara, na tamko la forodha ambalo wakala wako huliingiza katika mfumo wa URA. Mwambie mnunuzi akutumie kwa maandishi orodha ya nyaraka zinazodaiwa upande wake, kisha linganisha.

Mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 ndani ya Jumuiya unaweza kupita kwa utaratibu rahisi, ambapo cheti cha uasili kilichorahisishwa hutolewa pale pale mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha inayokubaliwa. Kwa bei ya mfano wetu, na dola moja ikiwa shilingi 3,600, hizo ni zaidi kidogo ya tani saba. Utaratibu huo hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Pia usikate mzigo mkubwa vipande vipande ili ujifiche humo. Maofisa wa forodha wanaujua mchezo huo kabla hujazaliwa.

Hapa nitakiri kosa letu. Msimu mmoja lori letu liliharibika gia tukiwa tumekwisha pata vyeti vyote. Tulihamishia magunia kwenye lori jingine usiku, tukaondoka tukiwa na furaha ya kuokoa muda. Mpakani namba ya gari kwenye karatasi haikufanana na ile iliyosimama mbele ya ofisa. Tulilala siku nne, mvua mbili zikatupata, na magunia ya pembeni yakapata unyevu upya. Gari likibadilika, karatasi nazo zibadilike kabla ya safari.

Hatua ya 7. Anza na mzigo wa majaribio

Usipeleke tani 30 kwa mtu ambaye hujawahi kuona ghala lake. Peleka tani tano, ufuatane nazo mwenyewe au umtume mtu wa nyumbani, na uandike kila kituo, kila malipo na kila saa. Angalia mnunuzi anapimaje: anatumia mizani ya nani, anatoa kilo ngapi kwa ajili ya gunia tupu, na je, anapima unyevu mbele yako? Mzigo wa majaribio unaweza usikupe faida. Faida yake ni lile daftari utakalorudi nalo.

Hatua ya 8. Kubaliana malipo wakati mahindi bado yako kwenu

Kwa mnunuzi mpya, dai sehemu ya fedha kabla ya kupakia na iliyobaki kabla ya kushusha; turubai la lori lisifunguliwe mpaka benki yako ithibitishe. Kwa Juba andika bei kwa dola na uandike pia tarehe ya kulipa, kwa sababu wiki mbili za kusubiri kwa sarafu inayoshuka zinaweza kula faida yote. Picha ya risiti ya benki iliyotumwa kwa simu si malipo.

Hatua ya 9. Gawa mzigo, usimtupe mteja wa zamani

Wanaoanza hukasirika, na siku mpaka unapofunguliwa humwadhibu mnunuzi wa zamani kwa kumkatia kabisa. Si lazima. Sisi tulijiwekea kanuni kwamba mpaka mmoja usibebe zaidi ya nusu ya mzigo wa msimu, na kuna misimu ambayo kanuni hiyo imetuuma, kwa sababu bei nzuri ilikuwa pale pale tulipojizuia. Wanachama walilalamika mkutanoni, na walikuwa na haki ya kulalamika. Bado hatujaibadilisha.

Mambo yakikwama

Sampuli imekataliwa mpakani. Omba matokeo kwa maandishi, yenye njia ya kupima na namba ya mzigo, kisha omba kipimo cha pili ukitumia ile sampuli uliyoifunga. Ikithibitika kwamba sumu imezidi, usikimbize mzigo mpaka mwingine wala kuurudisha sokoni kimyakimya uende kuliwa na watoto wa shule. Waulize maofisa wa UNBS na wa kilimo kuhusu matumizi yanayoruhusiwa au namna ya kuuharibu. Ni hasara, na ndiyo sababu ya kupima kabla ya kupakia.

Mpaka umefungwa lori likiwa njiani. Simamisha gari katika mji wenye ghala kabla ya kufika kwenye foleni; foleni ya Busia au Elegu ikishakumeza, hutoki. Shusha magunia mahali pakavu, lipa ghala la wiki moja, na uanze kuwapigia wale wanunuzi wa Hatua ya 4. Unyevu upime upya kabla ya kupakia tena.

Maofisa wanashuku kwamba mahindi hayakulimwa Uganda. Daftari la asili lenye vijiji na kilo ndilo jibu. Kama ulinunua kwa dalali asiyeweza kusema mzigo umetoka wapi, huna jibu, na hupaswi kulitunga.

Mnunuzi anataka kupunguza bei baada ya lori kufika. Hili ni la kawaida sana kwa wageni wa soko. Soma naye mkataba wa ukurasa mmoja mlioutia saini, unaotaja unyevu, kilo, bei na nani anapima. Kama hukuandika chochote, linganisha punguzo analotaka na gharama ya kurudi. Mara nyingi utakubali, utamlipa dereva, na utamweka mtu huyo kwenye orodha ya kutouziwa bila malipo kamili ya awali.

Mzigo umekaa ghalani kwa kusubiri njia mpya. Kagua kila wiki, ingiza mkono katikati ya rundo usikie kama kuna joto, na sogeza magunia yaliyogusa ukuta. Mahindi yaliyokauka vizuri yakiwekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa huwashinda bungua bila dawa, lakini ukifungia humo mahindi yenye unyevu, utafungua ukungu. Wiki iliyopita tu nimefunguliwa mfuko wa namna hiyo huko Kiryandongo. Harufu ilitufikia kabla kamba haijaisha kufunguka.